Hadithi yangu ya Krismasi imemliza mama

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 27, na wiki mbili sasa silali vizuri. Nimeandika hadithi. Si ya kwanza, ila ndiyo ya kwanza kuimaliza bila kuionea aibu, na imenikosanisha na mama yangu mzazi.

Ni hadithi ya tashtiti, ya nchi ya kubuni ambako Krismasi imegeuka kiwanda kisichozimwa. Mwaka mzima ni Desemba. Kila raia ana Daftari la Upendo, na humo huandikwa ametumia fedha kiasi gani kwa mama, kwa mume, kwa mtoto, kwa jirani. Asiyefikisha kiwango huhesabiwa kuwa na deni la upendo, na Wakaguzi wa Furaha humfuata nyumbani usiku kuangalia kama taa zake zinawaka na watoto wake wanacheka. Serikali husogeza sikukuu nyingine zote ili msimu wa mauzo usikatizwe. Kuimba wimbo wa Krismasi bila kulipia kibali ni kosa. Hata neno "hori" limesajiliwa kuwa alama ya biashara. Amebaki bibi mmoja tu anayekumbuka kwamba yote yalianza na mtoto aliyezaliwa na wazazi wasiokuwa na pa kulala, na bibi huyo anawindwa. Yupo pia mama mmoja, nimemwita Mama Utepe, anayeuza cherehani yake ili afikishe kiwango. Huyo nilimwandika kwa mkono mzito, kwa sababu watu kama yeye ndio wanaoifanya mashine izunguke.

Nimekuambatishia yote uisome, kurasa 31.

Niliyatoa wapi haya? Huu ni msimu wangu wa nne nikifungasha zawadi katika duka kubwa. Mkataba huisha tarehe 31 Desemba. Nyimbo ni zilezile kumi na mbili, zinazunguka tangu tunapofungua hadi tunapofunga. Kukaa hairuhusiwi. Kila asubuhi msimamizi hutukumbusha kwamba tabasamu ni sehemu ya sare. Mwaka jana mwenzangu alipigiwa simu ya msiba katikati ya zamu. Alipewa dakika kumi, akatoka, akarudi, akafungasha hadi usiku huku akitabasamu. Hayo sikuyaandika, maana nilitaka hadithi iwe kubwa kuliko duka letu.

Niliituma kwa mhariri wa jarida moja. Akanijibu kwa upole kwamba kipaji ninacho, ila nimetia chumvi kupita kiasi: hakuna serikali itakayosogeza kalenda kwa ajili ya wenye maduka, wala hakuna watu watakaokubali kulazimishwa kupeana zawadi. Kaka yangu akasema ni uchungu wa kazi tu. Yote hayo niliyameza.

Mama ndiye aliyenivunja. Nilimpa asome nikiwa na furaha. Alifika katikati, akavua miwani, akalia. Akasema nimemtukana Yesu, nimeitukana na sikukuu aliyonilea nayo, na kama nitaichapisha nisitumie jina la ukoo wake. Shangazi, mama ni mtu wa ibada, na ni mtu wa kukopa kila Desemba. Tangu nianze kazi mimi ndiye ninayemalizia deni hilo hadi mwezi wa nne. Nampenda. Lakini siamini kwamba nimemtukana Yesu. Naamini nimemtetea.

Niichapishe kwa jina la kubuni? Niichane? Nimsubiri mama apoe? Na mhariri, je, ana haki?

Ni mimi,
Mfungasha zawadi

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa usingizi uliokukimbia.

Usiichane. Nimeisoma mara mbili, na pale bibi anapoimba kwa kunong'ona ndani ya kabati ili kipimo cha nyimbo kisimnase, niliweka karatasi chini kwa muda. Mtu aliyeandika ukurasa ule hana sababu ya kuchana kitu. Lakini usiichapishe kama ilivyo, wala usijifiche nyuma ya jina la kubuni. Ina kasoro moja kubwa, na nadhani mama yako aliiona kabla yangu, ingawa aliiita kwa jina lingine.

Kwanza nimalizane na mhariri. Kwenye kalenda amekosea. Mwaka 1939 nchini Marekani, sikukuu ya Shukrani, ambayo kwa desturi ya huko ndiyo hufungua msimu wa manunuzi ya Krismasi, iliangukia tarehe 30 Novemba. Wenye maduka walilalamika kwamba siku za kuuza zingekuwa chache mno, na Rais Franklin Roosevelt akairudisha nyuma kwa wiki moja, ikawa tarehe 23. Majimbo yakagawanyika. Mengine yalimfuata, mengine yakashikilia tarehe ya zamani, hata ndugu wa damu moja wakaweza kujikuta na sikukuu mbili. Bunge lilikuja kuutuliza mvutano huo mwaka 1941 kwa kuiweka Alhamisi ya nne ya Novemba. Kwa hiyo ukurasa wako ule wa serikali kusogeza sikukuu, ubakize. Ningependa tu uutoe kelele. Hakuna haja ya tarumbeta na askari. Weka tangazo la asubuhi, linasomwa kwa sauti ya upole, na watu wanaendelea kufunga kamba za viatu.

Kwenye kulazimishwa, mhariri amegusa kitu cha kweli japo amekieleza vibaya. Watu wamekwisha kukubali kulazimishwa kupeana zawadi, tena zamani. Mwaka 1912, mjini New York, kiliundwa chama ambacho jina lake ningelifasiri kuwa Chama cha Kuzuia Zawadi Zisizo na Maana. Miongoni mwa waanzilishi alikuwemo Eleanor Belmont, na Anne Morgan, binti wa tajiri wa mabenki J. P. Morgan. Lakini uchungu ulikuwa wa wasichana wafanyakazi, waliochoshwa na kuchangishwa kila Krismasi ili wakubwa wao kazini wapewe zawadi. Hata Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais kabla ya hapo, alijiunga nao. Sasa jiulize, nani aliyewalazimisha wale wasichana? Hapakuwa na polisi wala daftari la serikali. Mimi naona karatasi ya majina ikipita mkono hadi mkono, na macho ya yule aliyeishika akisubiri. Karatasi hiyo inanitisha kuliko Wakaguzi wako wote wa Furaha.

Ukitafuta sheria ya kweli kuhusu Krismasi, utaikuta inakwenda upande mwingine kabisa. Koloni la Massachusetts, katika Marekani ya leo, liliweka mwaka 1659 faini ya shilingi 5 kwa atakayekutwa akiisherehekea, kwa kuacha kazi au kwa karamu, na ikadumu hadi 1681. Dola imewahi kuwatoza watu faini kwa kuifurahia siku hiyo. Soko halijahitaji faini ili wanunue. Ndiyo maana wale wakaguzi wako wenye buti, kila walipogonga mlango, nilihisi hadithi inapungua nguvu. Wapunguze. Fanya kila mtu katika nchi ile awe mkaguzi wa mwenzake kwa nia njema: ndugu anayeuliza kwa upole umemnunulia mama nini, mtoto anayelinganisha kisanduku chake na cha rafiki, jirani anayeleta zawadi kubwa mno na kuondoka kabla hujamwambia kwamba huna cha kumrudishia.

Sasa mama.

Unasema alifika katikati ndipo akavua miwani. Katikati ya kurasa 31 ni ukurasa wa 15 au wa 16. Nimerudi kuzitazama. Yesu hayupo pale. Yupo Mama Utepe, anashuka ngazi na cherehani kichwani, na wewe unamsindikiza kwa maneno kwamba kichwa hicho kilikuwa kitupu kama sanduku la zawadi lililokwisha kufunguliwa. Mistari michache baadaye unatuchekesha kwa namna anavyohesabu noti huku midomo ikimcheza.

Kisha nikarudi kwenye barua yako, kwenye ile sentensi uliyoipita mbiombio: ni mtu wa kukopa kila Desemba.

Alijiona, mwanangu. Alisoma katika maandishi safi kile ambacho binti yake amekuwa akikiwaza mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne, wakati akilipa deni bila kusema neno. Kwake ilikuwa rahisi zaidi kusema umemtukana Yesu kuliko kusema umenitukana mimi. Mtu akiumizwa na mwanawe hutafuta pa kusimama, na yeye alisimama mahali anapopajua, kwenye imani yake. Usimshinde hapo kwa hoja. Huko sipo kidonda kilipo.

Sisemi deni hilo halijakuumiza. Limekuumiza miaka minne, na una haki ya kulisema. Lakini umelisemea mahali ambapo yeye hawezi kukujibu, mbele ya wasomaji, kwa kicheko. Hilo ndilo lililonisikitisha, na naona ndilo linalokunyima usingizi, maana kama ungekuwa na hakika ya moyo usingeniandikia.

Na kosa hilohilo ndilo lililoiharibu kazi yako. Unasema watu kama Mama Utepe ndio wanaoifanya mashine izunguke. Inazunguka juu yao, kweli, kama jiwe la kusagia linavyozunguka juu ya nafaka. Nafaka hailisukumi jiwe. Katika kurasa zote 31 sijakutana hata mara moja na mtu anayepokea faida. Daftari la Upendo ni la nani? Nani aliamua kiwango? Fedha ya cherehani iliishia mfuko gani? Huyo umemwacha gizani, kisha taa zote ukazielekeza kwa mwanamke aliyeuza kitendea kazi chake ili mtoto wake asionekane hapendwi. Tashtiti ina makali, na anayeishika lazima ajue anamkata nani. Ukiukatia chini, kwa aliyekwisha kulala kifudifudi, wenye kiwanda watakisoma kitabu chako kwa raha na kukinunua kwa wingi wakawape wateja.

Jambo la kutisha katika nchi yako uliligusa ulipolipa daftari lile jina lake, halafu ukaliacha. Mashine ile inakula upendo. Haili tamaa. Kama watu wote mle wangekuwa walafi na wapumbavu, msomaji angecheka na kwenda zake, kwa sababu yeye si mlafi wala mpumbavu. Wafanye wapendane kweli. Mama Utepe ampende mtoto wake kwa namna itakayotuuma, awe anajua hesabu kuliko sisi, ajue hadi senti kile anachokipoteza, na bado ashuke zile ngazi. Hapo msomaji hatapata pa kukimbilia.

Kuna kisa cha kweli ninachokirudia kila nikiwaza habari hizi. Mapema mwaka 1939 kampuni ya maduka ya Montgomery Ward, ya Chicago, ilimwagiza mwandishi wake wa matangazo, Robert L. May, atunge kijitabu cha watoto cha kugawa bure wakati wa Krismasi, ili wazazi wavutwe madukani. Mke wake alikuwa anaumwa saratani, na bili za matibabu zilimwelemea. Mke akafariki mwezi wa saba, kijitabu hakijaisha. Mkuu wa May kazini akataka kumpumzisha, mwingine amalizie. May akakataa. Akakimaliza, akiwasomea kwanza wakwe zake na binti yake mdogo wa miaka minne aliyebaki bila mama. Ndiyo ile habari ya kulungu mwenye pua nyekundu, na mwaka huo ziligawiwa nakala zaidi ya milioni 2. Haki ya kazi ilikuwa ya kampuni. Mwaka 1947 wakamwachia.

Hebu tazama yote yanavyolala pamoja mle: hesabu ya biashara, deni la hospitali, mjane wa kiume, mtoto anayesomewa hadithi ya kiumbe anayechekwa na wenzake. Siwezi kumtenga May na tangazo lake, na siwezi kulichukia tangazo lile bila kumwona yeye. Nchi yako inamhitaji mtu kama huyo. Mweke ndani ya ofisi zinakotungwa kauli za Daftari, apende kwa dhati anachokiandika, umfuate hadi nyumbani kwake usiku.

Nimeshangaa zaidi na yale uliyoyaacha nje. "Tabasamu ni sehemu ya sare." Umekaa miezi ukibuni vibali vya nyimbo na mashine zisizo na mikono zinazotema zawadi, wakati sentensi kali kuliko zote unaisikia bure kila asubuhi. Unasema ulitaka hadithi iwe kubwa kuliko duka lenu. Mwanangu, hakuna kitu kikubwa kuliko dakika kumi za yule mwenzako. Alikwenda wapi katika dakika hizo? Alisimama karibu na nini? Aliporudi, sanduku la kwanza alilolifunga lilikuwa la nani? Hayo unayajua wewe, na wengi wanaoandika juu ya ubaya wa msimu huu hawayajui, kwa kuwa wamesimama upande wa mteja. Muombe ruhusa, ubadilishe yanayomtambulisha, uyaandike.

Na mashine zako zisizo na mikono zifute. Sehemu kubwa ya mapambo ya Krismasi ya dunia hutoka Yiwu, mji wa mkoa wa Zhejiang nchini China, na hutengenezwa na watu wenye mikono.

Kuna mwanamke mmoja ningependa umjue kabla hujaanza upya. Florence Kelley, aliyeongoza Umoja wa Kitaifa wa Watumiaji huko Marekani, alipiga kelele mwanzoni mwa karne ya 20 juu ya wafanyakazi wa madukani, wengine watoto, waliokesha Desemba wakihudumia wanunuzi wa dakika za mwisho. Yeye na wenzake wakahimiza watu wanunue mapema, ili wale wafanyakazi waweze kwenda kulala. Ilikuwa huruma. Leo "nunua mapema" ni tangazo, na limeusukuma msimu hadi ukaanza wiki nyingi kabla ya Desemba. Katika hadithi yako kila kitu kibaya kimebuniwa na mtu mbaya. Weka angalau kimoja kilichoanza kama huruma.

Kuhusu Yesu. Wewe na mama yako mko upande mmoja, ila hamjakaa kuzungumza. Kumkasirikia Baba Krismasi wa madukani si jambo la wasioamini tu. Tarehe 23 Desemba 1951, mjini Dijon, Ufaransa, sanamu yake ilitundikwa kwenye uzio wa kanisa kuu, kisha ikachomwa moto mbele ya watoto wa parokia, kwa baraka za mapadri, waliosema anaiondoa Krismasi katika maana yake. Kesho yake jioni Baba Krismasi akatokea juu ya paa la jengo la halmashauri ya mji, akawahutubia watoto. Mimi sipendi moto ule. Walichoma mdoli mbele ya watoto, na aliyekuwa akipata faida hakuunguzwa hata kidole. Bibi yako wa kabatini anafanya vizuri zaidi kuliko wale mapadri: anakumbuka. Msimulie mama habari hii siku mkiwa mmetulia, umuulize yeye angefanya nini. Naamini ana jibu, na huenda likawa bora kuliko langu.

Deni lizungumzeni peke yake, mbali na hadithi, na mbali na Desemba. Chagua mwezi ambao hakuna anayenunua wala kulipa. Mwambie waziwazi kwamba mwaka huu hutaweza kulimalizia, kama kweli hutaweza, na umwambie mapema ili asikope akikutegemea. Usimwambie aache kukupa zawadi. Mwambie ni ipi kati ya alizowahi kukupa unayoikumbuka hadi leo. Na jina la ukoo ni lake pia: kama akiendelea kukataa, tumia jina lako la kwanza na la baba, ila lisiwe la kujificha.

Limebaki jambo moja. Ile cherehani. Umeieleza hadi mkwaruzo wa kwenye gurudumu, mahali ambapo pete ya mwanamke hugusa kila anapolizungusha. Mambo mengine yote katika hadithi yako nayaona yamebuniwa, mengine vizuri sana. Mkwaruzo ule haujabuniwa. Sijui kama mliwahi kuwa na cherehani nyumbani ulipokuwa mdogo; barua yako haisemi. Lakini kabla hujagusa ukurasa wa 15, nenda ukakae naye, umuulize iko wapi. Na kama iliuzwa, muulize ilikuwa mwezi gani.

Shangazi